Bastola ya Saizi Gani Inakufaa Olenguruone? Kabla Uulize Kaliba, Uliza Ukuta wa Jirani

Wasee, tuanze na kitu chenye hakuna mtu huwa anapost. Ukiona bastola kwa simu yako, iwe ni mheshimiwa ameinyanyua kwa mkutano ama ni msee ameilaza kwa meza ya klabu kando ya chupa, unaona mchuma peke yake. Huoni zipu ya jaketi ikikwama. Huoni mwenyewe akikosa karatasi ya shabaha iliyo mita saba mbele yake. Huoni risasi ikipenya ukuta wa mbao na kuingia jikoni kwa jirani.

Hiyo picha ya kuringa imetoka Kilimani na Westlands, ikapanda mlima, ikafika hadi Olenguruone. Huku juu Kuresoi Kusini ukungu hushuka mapema, na kila mtu ako na jaketi nzito na gambuti. Ukikaa base ya nduthi ama kwa hoteli ya chai, utaisikia hii stori. Kuna broker wa waru anayebeba pesa za wakulima. Kuna mwenye duka la jumla anayefunga usiku. Kuna mwenye lori la majani chai anayerudi kutoka pande za Kiptagich gizani. Halafu uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, na kila uchaguzi ukikaribia, watu wa hapa huanza kuhesabu vitu vyenye watu wa pande zingine hawahesabu.

Swali lao ni moja: nikipata leseni, nichukue gani? Ndogo ama kubwa? 9mm ama .45?

Swali ni poa. Shida ni kwamba majibu mengi kwa mtandao ni ya Mmarekani anayevaa tisheti kwa jua la Texas na kununua risasi dukani kama unga. Sisi tulijibu kwa ground ya Olenguruone, kwa sababu hapa jibu linabadilika.

Karatasi ndio huchagua kwanza

Kwa Kenya bastola ni ruhusa, si haki yako. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, inasema huwezi kununua wala kukaa na bunduki ama risasi kama huna cheti. Cheti kinatoka kwa Bodi ya Leseni za Silaha, ile tunaita FLB. Lazima uwe na sababu nzuri ya kutaka silaha. Mtu wa tabia ya ulevi hafai, na mtu asiye na akili timamu hafai. Hiyo imeandikwa kwa sheria yenyewe. Kwa hivyo, buda, kama kila Ijumaa unabebwa kutoka kwa baa, hii stori yako imeishia hapa.

Disemba 2018 serikali iliamuru kila raia mwenye leseni arudi akaguliwe upya, yeye na silaha yake. Kuna waliopita, na kuna walioambiwa warudishe mchuma. Tangu hapo wenye leseni wanajua kwamba kile kikadi kinaweza kuchukuliwa.

Lakini kitu chenye wengi hawajui ni hiki. Cheti hakisemi tu "huyu anaruhusiwa bunduki". Kinaandika ni silaha ya aina gani, na kinaandika idadi ya risasi unazoruhusiwa kununua na kukaa nazo. Ukinunua bastola ya kaliba fulani leo, kesho ukipata mbogi imekushawishi kaliba nyingine ndio noma, huwezi kubadilisha kama laini ya simu. Unarudi kwa bodi kujieleza.

Ndio maana kuchagua saizi na kaliba hapa kwetu ni kazi ya mara moja. Ukikosea, unaishi na makosa yako kwa miaka.

Saizi: ile rahisi kuficha ni ngumu kulenga

Hii ndio siri yenye muuzaji hakuambii vizuri. Bastola ndogo ni rahisi kubeba na ngumu kutumia. Bastola kubwa ni rahisi kutumia na ngumu kubeba. Zingine zote ziko katikati ya hizo mbili, zikibishana.

Chukua familia moja ya Glock, kwa sababu wengi wanalijua hilo jina. Glock 17 ndio kaka mkubwa: urefu kama sentimita 20, magazini ya risasi 17. Jeshi la Austria ndilo lililoichukua kwanza, miaka ya themanini mwanzoni. Glock 19 ni ya katikati: kama sentimita 18 na nusu, risasi 15. Glock 26 ni kifupi: kama sentimita 16, risasi 10. Halafu kuna Glock 43, iliyotoka 2015. Urefu wake ni karibu sawa na wa 26, lakini ni nyembamba sana na inabeba risasi 6 peke yake.

Ukiziweka kwa meza, mkono wa kila mtu unaenda kwa ile ndogo. Inakaa kama simu. Unasema, "Hii sasa naweza beba kila siku." Na ni ukweli, unaweza. Lakini ukiipiga utaelewa mbona wazoefu wanacheka.

Kwanza, kidole chako kidogo hakina mahali pa kushika, kinaning'inia hewani. Pili, bastola nyepesi inapiga teke kali, kwa sababu nguvu ya risasi ni ile ile lakini uzito wa kuizuia umepungua. Tatu, umbali kati ya alama ya mbele na ya nyuma ni mfupi, kwa hivyo ukikosea kidogo tu machoni, risasi inaenda mbali na ulipotaka. Mtu mgeni akipiga risasi kumi na bastola ndogo, ya kwanza inamshtua, na tisa zinazofuata anafunga macho.

Upande ule mwingine kuna mizee mizito. CZ 75 ya Czech, ile familia yenye magazeti yetu huita Ceska kila polisi wakipata bastola mahali, ni chuma kitupu cha karibu kilo moja. Uzito huo unameza teke. Kwa renji utaipenda kama gari la zamani lisilotikisika. Lakini jaribu kukaa na kilo moja kiunoni kutoka Olenguruone hadi Molo ndani ya mathree, umebanwa na watu wanne kwa kiti cha watatu. Wiki ya pili itabaki nyumbani. Na bastola ya kubaki nyumbani bila mwenyewe ni zawadi ya mwizi ama hatari kwa mtoto.

Jaketi ya Olenguruone inabadilisha hesabu

Hapa ndio ushauri wa Texas unakwama kwa matope. Kule joto linamlazimisha mtu achukue kibastola kidogo, juu nguo ni nyepesi na kila kitu kinaonekana. Olenguruone baridi inakusaidia. Kwa mwaka mzima uko na jaketi, na chini ya jaketi kuna sweta. Bastola ya katikati, zile za sentimita 18 na nusu, inapotea humo ndani bila mtu kushuku. Huna sababu ya kwenda kwa ile ya risasi sita.

Lakini jaketi hiyo hiyo ni adui. Bastola iliyo chini ya sweta, chini ya jaketi iliyofungwa zipu hadi shingoni, chini ya koti la mvua, haitoki haraka. Majambazi hawangoji uvue. Tarehe 30 Aprili 2025, mbunge wa Kasipul, Charles Ong'ondo Were, alipigwa risasi kwa Barabara ya Ngong, ndani ya gari, na mtu aliyeshuka kwa pikipiki. Hayo mambo huchukua sekunde. Mtu akishakujia amejipanga, hata ungekuwa na bastola tatu, wewe ndiye unaanza nyuma.

Kuna pia nduthi. Ukipanda nyuma ya boda, jaketi inapanda juu mgongoni. Kama bastola iko nyuma ya kiuno, kila gari linalowafuata linaiona. Na ukianguka kwa lile tope, unaangukia chuma na uti wa mgongo. Kwa hivyo weka ubavuni, kwa ala ngumu inayofunika traiga kabisa. Usiwahi kuitupa tu mfukoni mwa jaketi pamoja na funguo na sarafu. Funguo ikiingia kwa traiga, hakuna msamaha.

Halafu kuna unyevu. Mvua ya Mau haina huruma na chuma. Bastola inayokaa kiunoni kwa jasho na baridi inashika kutu kama jembe. Kama wewe hupendi kusafisha viatu, usinunue kitu cha kusafishwa kila wiki.

Kaliba: FBI walijifunza kwa machungu, usirudie darasa

Sasa tuingie kwa ile vita ya wanaume kwa meza ya nyama choma. "9mm haiangushi mtu, chukua .45." Umesikia? Nimesikia sana.

Hesabu fupi. Risasi ya 9mm ni muundo wa Mwaustria Georg Luger wa mwanzo wa karne iliyopita, na kichwa chake kina uzito wa kama gramu 8. Ya .45 ni ya Mmarekani John Browning, kichwa kizito cha kama gramu 15, kinaenda polepole zaidi. Ya .380 ni mdogo wa 9mm, upana ule ule lakini fupi, kama gramu 6, na nguvu imepungua. Ya .22 ni kidogo kabisa, gramu mbili na nusu hivi. Hiyo ni ya mazoezi na wanyama wadogo.

Wanaume wakiona hizo namba wanakimbilia gramu 15. FBI walikimbia hivyo pia. Aprili 1986 huko Miami maafisa wao walipigana na majambazi wawili. Maafisa wawili wakafa na wengine wakajeruhiwa. Moja ya lawama ikaenda kwa risasi ya 9mm iliyompata jambazi lakini haikufika ndani ya kutosha. Wakaanza kutafuta kaliba kubwa. Wakajaribu 10mm, ikapiga teke sana. Ikapunguzwa, ikazaliwa .40 mwaka wa 1990, na polisi wengi wa Marekani wakaichukua.

Halafu nini kikatokea? Miaka ya katikati ya 2010 FBI wenyewe wakarudi kwa 9mm. Walikuwa wameona kwamba risasi za kisasa za 9mm zinafika ndani ya kutosha, na kwamba maafisa wengi wanalenga vizuri zaidi na haraka zaidi na kaliba yenye teke dogo. Risasi nzito iliyokosa haina faida kwa mtu yeyote. Risasi ndogo iliyofika mahali pake inatosha.

Kama polisi wa Marekani, wenye risasi za bure za mazoezi na waalimu wa kulipwa, walishindwa na teke la kaliba kubwa, wewe wa Olenguruone unaotea nini?

Kwetu 9mm inashinda kwa sababu nyingine ya kawaida kabisa: ndio kaliba ya bastola za polisi wetu, kuanzia Browning za zamani hadi Ceska na Jericho. Ndio inayotembea zaidi kwa soko halali. Ukichagua kaliba ya kipekee ili uonekane mjanja, utabaki na mchuma mzuri usio na chakula. Bastola bila risasi za mazoezi ni nyundo ya bei ghali.

Na .380? Hiyo nawaachia watu wenye mikono dhaifu, wazee wenye arthritisi, wale wanashindwa kuvuta slaidi ya 9mm. Ni afadhali .380 inayoendeshwa vizuri kuliko 9mm inayomshinda mwenyewe. Lakini isichaguliwe kwa sababu tu inakaa cute.

Renji na kiuno ni kazi mbili

Watu wengi wanachanganya hizi mbili. Bastola ya renji unataka iwe ndefu, nzito, na traiga laini. Bastola ya kiuno unataka iwe fupi, nyepesi kidogo, na traiga isiyofyatuka kwa bahati mbaya.

Kenya iko na mchezo wa kulenga wenye nguvu. Ule unaoitwa IDPA, ulioanzishwa Marekani mwaka wa 1996, unachezwa hapa kwetu, na kituo cha Kirigiti huko Kiambu kimepokea wageni wa nje kuushindania. Huo mchezo umegawanya bastola kwa saizi na kaliba, kwa sababu wanajua mwenye kibastola hawezi kushindana haki na mwenye bastola ndefu. Ukisikia mtu anakuambia saizi haijalishi, muulize mbona mchezo mzima umeandikiwa makundi.

Kama ungeweza kuwa na mbili, ungechukua ndefu ya renji na fupi ya kiuno, ama hata .22 ya mazoezi kwa sababu haipigi teke na risasi yake ni ya bei nafuu. Lakini kumbuka karatasi. Kila silaha ni sababu nyingine mbele ya bodi. Kwa raia wa kawaida, bastola yako ya kwanza ndiyo ya mwisho, na lazima ifanye kazi zote mbili. Hapo tena jibu ni ile ya katikati. Glock 19, CZ P-07, hizo za sentimita 18 na risasi 15. Inatosha mkono mzima, inajificha kwa jaketi, na kwa renji haikuaibishi.

Sasa swali gumu: hiyo renji uko nayo? Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na kutoka Olenguruone hadi Nakuru bado uko na safari ndefu ya kupitia Keringet na Molo. Kwenda Kiambu kufanya mazoezi ni siku nzima, mafuta, chakula, ada na risasi. Mara moja kwa mwezi ni mzigo. Mara moja kwa mwaka ni utani.

Abdul Haji, aliyeingia Westgate tarehe 21 Septemba 2013 na bastola yake ya leseni kusaidia watu kutoka, na Inayat Kassam, mwalimu wa silaha aliyeingia Westgate na akarudi tena Dusit mwezi wa Januari 2019, ndio majina watu hutaja wakitetea bastola. Na ni haki wapewe heshima. Lakini angalia mmoja wao ni mwalimu wa hiyo kazi. Watu wanakopi bastola, hawakopi miaka ya mazoezi.

Ukuta wa mbao

Hii sehemu ndio ilinifanya niandike.

Huko Karen mtu akipiga risasi ndani ya nyumba, kuna ukuta wa mawe, halafu nyasi, halafu ua, halafu ekari nzima kabla ya jirani. Olenguruone nyumba nyingi ni mbao na mabati. Duka liko na chumba cha nyuma, na chumba cha nyuma kinagusa chumba cha mtu mwingine. Risasi ya kawaida ya 9mm inapita mbao bila kusimama. Ya .45 inapita. Hata ile .22 tunayoidharau inapita.

Kwa hivyo, ukisimama nyuma ya kaunta saa mbili usiku, umetetemeka, mwizi yuko mlangoni na nyuma yake kuna barabara yenye mama anauza mahindi choma, swali la kaliba limekufa. Swali limekuwa: utampata? Kwa sababu kila risasi utakayokosa iko na mahali inaenda. Inaenda kwa mtu, kwa ng'ombe, ama kwa kitanda cha mtoto upande wa pili wa mbao.

Na sheria haitakusikiliza ukisema "nilikuwa nalenga mwizi". Kwa Sura ya 63, kifungu cha 17, kujitetea kunapimwa kwa kanuni za zamani za sheria za Kiingereza, na maana yake kwa lugha yetu ni kwamba nguvu uliyotumia lazima ilingane na hatari iliyokuwa mbele yako. Mwizi wa kreti ya soda anayekimbia amekupa mgongo si hatari ya kufa. Ukimpiga risasi, wewe ndiye kesi.

Mnakumbuka DJ Evolve, pale klabu ya Kilimani, Januari 2020. Kesi ilizunguka kortini miaka, na mimi sirudii kazi ya mahakama. Ninachosema ni kwamba kijana alienda kazini usiku kucheza muziki, risasi moja ikabadilisha maisha yake yote. Hakuna mtu aliyeuliza ilikuwa saizi gani.

Hapa risasi ina kabila

Tukubaliane na ukweli wa mwisho, wenye wageni hawaelewi. Olenguruone si mahali pa kawaida. Hii ardhi imelia tangu wakoloni. Mwaka wa 1941 serikali ya Mwingereza ilileta hapa familia za Wakikuyu zilizotolewa Umasaini, ikawapa masharti ya ardhi waliyoyakataa, wakala kiapo cha kushikamana, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa, wengine wakapelekwa Yatta. Mwaka wa 1992 mapigano ya kikabila yakapita Molo na Olenguruone. Tume ya Jaji Akiwumi ikaja kuuliza maswali mwishoni mwa miaka ya tisini. Mwaka wa 2007 Kuresoi ilianza kuchomeka hata kabla kura zipigwe. Baada ya matokeo nchi nzima ikawaka, na Tume ya Waki ikahesabu watu 1,133 waliokufa.

Wakati huo huku silaha ilikuwa mshale, panga na petroli. Lakini Oktoba 2009 BBC ikaripoti kwamba jamii za Bonde la Ufa zilikuwa zinanunua bunduki za kivita zikingoja uchaguzi uliofuata. Unaelewa hofu iliyo ndani ya hiyo ripoti? Kila upande ulikuwa umesikia kwamba upande ule mwingine umenunua. Na hofu ndio duka kubwa zaidi la silaha duniani. Mradi wa utafiti wa Small Arms Survey ulikadiria kwamba mwaka wa 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa hazikufika hata elfu kumi. Hesabu mwenyewe nani ako na karatasi.

Sasa wewe broker wa waru, na leseni yako safi, na sababu yako ya kweli ya wezi wa barabara. Siku jaketi itapanda kwa nduthi na watu waone chuma, hawataona leseni. Hawataona wezi wa barabara. Wataona mtu wa kabila fulani amejihami kabla ya uchaguzi. Jioni itakuwa ni bastola tatu. Kesho kutwa ni sanduku zima limeshushwa usiku. Na kuna kijana upande ule mwingine ataamua naye atafute yake, na yeye hataenda kwa FLB.

Ndio maana nasema hapa saizi ya bastola ni mambo ya ujirani. Huko kwingine unaificha ili mwizi asijue. Olenguruone unaificha ili jirani asiogope.

Uamuzi wangu, bila kuzunguka

Kama uko na sababu ya kweli, mikono imara, na ganji ya kwenda renji angalau kila mwezi mwaka wa kwanza: chukua 9mm ya saizi ya katikati. Ala ngumu ya ubavuni, ndani ya suruali, jaketi isiyofika kiunoni ikabana. Fanya mazoezi ukiwa umevaa ile jaketi yako ya kila siku, si tisheti. Ukifika nyumbani, kwenye sefu iliyofungwa kwa ukuta. Na kwa mkutano wa siasa, kwa matanga, kwa baa: usiende nayo.

Kama unataka mchezo wa kulenga peke yake, chukua ndefu na nzito, iache kwa sefu, na usiibebe kiunoni.

Kama jibu lako kwa mazoezi ni "nitaona", basi hakuna saizi yako. Usinunue. Si dharau. Pesa hizo, laki kadhaa za mchuma, risasi na safari, zinaweza kufanya kazi nyingine. Lipa wakulima kwa M-Pesa, na mwizi atakukuta na waru na deni. Funga duka saa moja badala ya saa mbili, mkiwa watatu. Weka taa ya sola kwa veranda na mlango wa chuma. Tembeeni na malori mawili badala ya moja. Jua namba ya kituo cha polisi Olenguruone kwa kichwa. Lakini zaidi ya yote, jua jina la jirani wa upande ule mwingine wa ukuta, na yeye ajue lako.

Kwa sababu usiku mwizi akija kweli, huyo jirani ndiye atapiga nduru. Karao watoke kituoni wapande hicho kilima kwa tope, jirani ameshafika. Na huyo jirani hatatoka nje kama anaamini risasi yako ilinunuliwa kwa ajili yake.